Chupa ya Émile

Ntoto, 14 Agosti 1954

Kwako dada Adelaïde,

Mbele ya salamu, pokea tangazo zito, na kama umekaa, simama: nyusi za kaka yako haziko tena. Moto ulizila zote mbili. Muke wangu Agathe anasema nafanana na yai la bata. Haya, muko wazima hapo Burungu? Shemeji Rukara je, ng'ombe zinatoa maziwa? Sisi tuko, Mungu anasaidia.

Dada, agronome wetu, yule bwana shamba, anataka kujua kama moto unaua wadudu wa udongo mule pori walimokata miti ya mbao. Anasema jongoo na wenzake njo wanasaga majani, udongo unanona. Alinipa kipande cha pori nichome, na kingine akampa Émile, huyu wa kuja juzi toka Kashuga. Atakayebakiza wadudu wengi njo atakuwa kapita, musimamizi wa kazi, na kilima chote kitachomwa kwa namna yake.

Mimi nikachoma kama shamba la ndizi: matawi marundo marundo, nikawasha chini, moto ukapanda na nyusi zangu. Émile akatawanya matawi, akawasha juu, moto ukashuka ukilamba majani tu. Nikamuuliza kama anachoma pori ao anakausha nguo.

Udongo wetu ukawekwa katika makopo ya matundu, taa juu, chupa chini, ili wadudu wakikimbia joto waangukie mule. Chupa ya Émile ikajaa miguu. Yangu ikapata majivu na tandu mumoja, naye alionekana kujuta. Agathe akachungulia, akasema Émile iko na mukono mwepesi. Dada, neno hilo lilinichoma kuliko moto. Agronome alikuwa hajafika bado, nikabadilisha chupa: yake ikawa yangu, yangu ikawa yake.

Nikawa kapita. Agronome akaamuru kilima chote kichomwe kwa moto wangu, hata pale mama zetu wanaokota uyoga. Kesho yake nikaungama mbele ya watu wote. Kapita sasa ni Émile. Mimi namubebea maji. Padri amenisifu kanisani kwamba nilihurumia kilima.

Wewe peke yako nakuambia kweli. Kilima kingeungua nami ningenyamaza. Lakini nilimukuta Agathe anamupelekea Émile sombe na samaki, anamupa pole kwa kushindwa. Nikaona heri asifiwe, kuliko muke wangu amuhurumie.

Salimia Rukara na watoto. Agathe anakusalimu sana.

Kaka yako,
Floribert