Joto la Chumba cha Geneviève

Mushaki, tarehe 22 Januari 2023

Dada yangu mpendwa Kavira,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana. Magoti yako yanasemaje na hiyo mvua ya Butembo? Na Papa, bado anagombana na wateja dukani? Sisi huku tunapumua. Risasi tunazisikia kwa mbali, na tumezizoea kuliko inavyofaa.

Dada, keti kwanza. Nina binti! Anaitwa Geneviève. Alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, mdogo hata angelala ndani ya kofia yangu. Hospitali ya Kirotshe walimtunza wiki tatu, wakaturudisha na agizo moja: asipate baridi. Na wewe unaijua baridi ya Mushaki.

Basi ule ufundi ambao Papa anauita mchezo wa waya umepata kazi! Tunakaa kwa Mama Joséphine-Marie, mwenye malori, ambaye nyumba yake ya vyumba sita imejaa wakimbizi. Ana turbini ndogo kwenye kijito, lakini umeme wake hautoshi kupasha vyumba vyote kwa mpigo. Nilifunga radiateur, kipasha joto cha umeme, kila chumba, na ukutani termostati, kidude cheupe kinachopima joto. Zote nikaziunganisha na sanduku moja kwenye korido. Sanduku hilo linapeleka umeme chumba chenye baridi na kuukata penye joto la kutosha. Chumba chetu nilikipa digrii ishirini na sita, nikapanga kihudumiwe kabla ya vingine. Lilipofanya kazi mara ya kwanza nilipiga kelele, wakimbizi wakadhani tumevamiwa!

Mama mkwe wangu, Mama Mukankusi, aliliangalia akauliza: "Sasa hii sanduku iko na mikono ya kubeba mutoto?" Tulicheka sote.

Jumapili iliyopita wanawake wa kanisa walikuja kumpongeza mke wangu Umuhoza. Si unajua mzazi haachwi bila moto, kila mgeni anakuja na makaa. Mama mkwe akawasha mbabula, lile jiko la makaa, akaiweka karibu na mlango ili moshi utoke. Termostati ilikuwa hapo hapo juu yake. Sanduku likaamini chumba kizima kina joto, likakata umeme. Kumbe mtoto amelala upande wa pili, chini ya dirisha, mvua inanyesha na mlango uko wazi.

Nilipoingia nilikuta midomo ya Geneviève imekuwa ya bluu. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imefungwa na wanajeshi. Mama mkwe alimnyakua, akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika vitenge viwili, akawa anatembea naye huku anasali. Baada ya saa nzima mtoto akalia. Dada, kile kilio kilikuwa kitamu! Leo ananyonya mpaka anakoroma.

Lakini kuna jambo linanikaba. Mama mkwe akiwa bado amemshika, nilimfokea mbele ya wageni wote. Nilimwambia moto wake wa kizamani umetaka kuniulia mtoto. Mimi, mkwe wake! Tangu siku hiyo hamgusi mjukuu wake. Anasema mikono yake iko na bahati mbaya.

Ukweli nakuambia wewe wa kwanza. Termostati ilipaswa kukaa karibu na kitanda cha mtoto. Waya uliniishia, zilipungua mita tano tu. Nikaona aibu kusema mbele ya watu niliokuwa nikijigamba kwao, nikaipigilia mlangoni. Na nilijua wageni wanawekewa mbabula mlangoni, nimekua nikiona hivyo. Kosa ni langu, si lake.

Camille, dereva aliyekuletea barua hii, atarudi Alhamisi. Mpe mita tano za waya. Msalimie Papa, mwambie ana mjukuu, na watoto wako uwabusu mmoja mmoja. Umuhoza anakukumbuka sana.

Naishia hapa kwa sababu Mama Mukankusi yuko uani na wanawake wale wale, anafua nepi za mtoto. Natoka sasa hivi na Geneviève mikononi. Nitasema yote mbele yao, kisha nitamuomba Mama akaushe mikono amshike.

Mimi mdogo wako,
Archange