Mshale wa Mawe Uliompoteza Verna

Mpendwa Mshauri,

Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaiacha, na leo nimeamua kuimaliza hata kama itakuwa ndefu, kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kooni tangu Februari na sina wa kumwambia, maana kila ambaye ningemwambia yumo ndani yake.

Mimi ni mgane wa miaka sitini na mbili, nilikuwa dereva wa greda la kaunti hapa Gunnison mpaka nilipostaafu, na majina nitakayoyaandika si ya kweli. Tuko marafiki wanne. Kila Agosti tunafunga mahema na mifuko ya kulalia kwenye baiskeli zetu na kupanda milima ya kusini, kwa njia za ng'ombe na za machimbo yaliyokufa, juu kabisa ambako miti imeishia na simu haishiki, na hatushuki mpaka chakula kiishe. Anayetuongoza ni Lyle, aliyekuwa fundi bomba. Wa pili ni Duane, anauza vyakula vya mifugo na mdomo wake haujui kupumzika. Wa tatu ni Verna, aliyewapikia watoto wa shule kwa muda mrefu hata nusu ya mji huu umekula mkononi mwake.

Tuna kawaida yetu. Milimani hakuna anayemsubiri mwenzake, kila mtu hupanda kwa pumzi yake, kwa hiyo kwenye kila njia panda Lyle hushuka, hupanga mawe chini yawe mshale wa kuonyesha tulikoelekea, na wanaofuata huufuata bila kuuliza. Mimi huwa wa mwisho, na kazi ya wa mwisho ni kuupiga teke mshale ule utawanyike, usije ukampoteza mwindaji au mchungaji atakayepita kesho. Watu wengine siku hizi hutembea na ramani kwenye simu zao, sisi tulijivuna kwamba ramani yetu ni Lyle.

Tarehe 14 Agosti mwaka jana tulikuwa tunavuka mgongo wa mlima, Lyle na Duane mbele wakionana, Verna nyuma yao peke yake, mimi mbali zaidi kwa sababu ya magoti, na mvua ya mawe ilikuwa imeanza kunipiga mgongoni nilipofika kwenye njia panda ya kijito cha Barret, ambayo naijua, basi nikautawanya mshale kwa mguu bila hata kuutazama unaelekea wapi, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Nikashika njia ya mkono wa kulia. Nilipofika kwenye ziwa dogo tunakolala niliwakuta wawili tu.

"Verna yuko wapi?" Lyle akaniuliza.

"Si alikuwa mbele yangu?"

Tulirudi tukiita mpaka radi zikatufukuza. Verna alilala chini ya msonobari bila hema, maana hema alikuwa nalo Duane, na kiberiti chake kilikuwa kimelowa. Asubuhi tulimkuta chini sana, kwenye korongo la kushoto, anakokota baiskeli, midomo ya samawati, vidole haviwezi kushika breki.

"Mshale ulielekea kushoto," alisema.

"Dada, mimi niliuelekeza kulia," Lyle akamjibu. "Naapa mbele ya Mungu."

Naye hakuwa anadanganya, Mshauri, ulikuwa ukimtazama usoni unajua kwamba anaamini. Duane akaingilia, "Verna, hata ng'ombe wanaijua njia hii, na wao hawajawahi kuvaa miwani!" Tukacheka. Hata yeye alicheka, meno yake yakigongana kwa baridi.

Basi ikaisha hivyo, Verna ndiye aliyekosea, kwa sababu Lyle hajawahi kukosea.

Tarehe 9 Februari mke wa Lyle, nimwite Noreen, alikuja kwangu akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Shemeji, Lyle alipotea jana akitoka duka la vifaa."

"Duka lipi?"

"Lile lile. La kila siku. Nilimkuta ameegesha nje ya kanisa, anamsubiri mtu amwambie nyumbani ni wapi." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Daktari wa Denver ameshatuambia. Ubongo unamwisha. Anasema yawezekana ulianza mwaka juzi, sisi tukadhani ni uzee."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na yeye mwenyewe, siku akikumbuka."

Akaniomba nisimwambie yeyote mpaka Agosti ipite. "Mwache apande mara moja tena akiwa Lyle," alisema. "Watu wakishajua, atakuwa mgonjwa tu." Nikamwahidi. Gari lake lilikuwa halijatoka uani nilipoelewa kwamba ule mshale kweli ulielekea kushoto, nikakaa kwenye ngazi palepale na mlango wazi, theluji inaingia.

Ningeweza kubeba hilo peke yangu kama si lililokuja Mei. Verna alikuja na baiskeli yake nyuma ya pikapu, imesafishwa mpaka mnyororo unang'aa, akasema nimpe mpwa wangu.

"Una nini wewe?"

"Niliona kushoto," akasema. "Kwa macho yangu haya mawili niliona kushoto. Na mama yangu alianza hivyo hivyo, unakumbuka? Alikuwa anaona vitu ambavyo havipo, halafu anabishana na watu."

Verna alimuuguza mama yake ugonjwa huo miaka minane, akimlisha kwa kijiko na kuitwa kwa jina la mtu mwingine. Kwa daktari hataki kwenda, anasema hana haja ya kulipia habari anazozijua. Nyumba yake ameshaipatia mnunuzi na anahamia Nebraska kwa binti yake, kabla, kwa maneno yake, hajawa mtu wa kutafutwa barabarani.

Nikamwambia, "Verna, wewe huna kitu."

"Umejuaje?"

Nilikuwa nimeshika kiti cha baiskeli yake. Nikaanza kuishusha kutoka kwenye pikapu. Akanipigapiga begani kama mtu anayemfariji mfiwa, akaondoka.

Leo ni tarehe 2 Julai. Verna atatia sahihi karatasi za nyumba mwisho wa mwezi. Jana Lyle alinipigia simu, sauti yake ile ile, akaniambia, "Mzee, magoti yanasemaje? Mwaka huu nitakuwekea mishale mikubwa, uione hata ukiwa umesinzia!" Nikacheka naye, kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nina desturi ya kuandika shajara kila jioni na tarehe hizi nimezitoa humo, lakini shajara haijibu. Nikimwambia Verna, nimemvunjia Noreen ahadi na nimemwondolea Lyle kitu cha mwisho alichobaki nacho. Nikinyamaza, Verna ataondoka kwenye nyumba yake akiogopa ugonjwa usio wake. Niambie la kufanya. Anwani yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi,
Wa Mwisho Njiani

*

Ndugu Wa Mwisho,

Pole. Naanza na pole kwa sababu baada yake sitakuwa mpole sana. Unampoteza rafiki mmoja polepole na mwingine kwa haraka, na mke wa kukaa naye mezani mkazungumza huna. Barua yako niliiweka chini nikaenda kusimama dirishani kabla sijaimaliza.

Sasa sikiliza. Watu wanne wenye mvi mnapanda pasipo na mtu wala simu, na ramani mnayo moja, nayo iko ndani ya kichwa cha mwanadamu. Mnauita huo urafiki. Mimi nauita uvivu uliovaa nguo za urafiki. Lyle alipoanza kuchoka hakuna aliyeona, kwa sababu hakuna aliyekuwa anatazama. Mlishazoea kufuata.

Hilo limepita. Tuje kwenye ahadi yako, maana umeing'ang'ania kama mtu aliyeshika kamba bila kuangalia imefungwa wapi. Noreen alikuomba uufiche ugonjwa wa mumewe. Hakukuomba umvike Verna ugonjwa huo. Je, Noreen umemwambia habari ya mshale? Barua yako haisemi, na mtu anayeandika tarehe zote hivyo asingesahau kusema. Hujamwambia. Kwa hiyo yule mama alikuomba siri bila kujua kwamba kuna mtu mwingine anailipia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Ninyi mmeficha maradhi ya huyu, na kilio kimeanzia nyumba ya yule.

Na Lyle? Mke ameamua, wewe umeamua, na mwenye ugonjwa anapakia mizigo hajaulizwa lolote. Mmeanza kumtoa kwenye mazungumzo wakati bado anapiga simu na kutania. Umesema unaogopa kumwondolea kitu cha mwisho. Kitu cha mwisho si kwenda mbele na baiskeli. Ni kuambiwa ukweli kama mtu mzima angali anaweza kuujibu.

Basi fanya hivi. Mwambie Noreen habari ya mshale, leo, usizunguke. Kisha muulize ni saa ngapi za siku ambapo kichwa cha mumewe kinatulia, uende saa hiyo. Kaa na Lyle jikoni kwake. Mwambie kwamba unajua anaumwa, na kwamba mwaka jana yeye ndiye aliyeelekeza mawe kushoto. Atakwambia ni kulia. Usibishane naye, na usikubali ili kumfurahisha. Mwambie Verna anauza nyumba. Halafu nyamaza umwache Lyle uliyemjua akujibu, na mimi nadhani yumo bado. Akilia, lieni. Akikufukuza, ondoka, urudi kesho yake.

Akikubali, nendeni wawili kwa Verna, aseme kwa mdomo wake. Akikataa, au akikubali leo na kesho akasahau, nenda peke yako. Ugonjwa ni siri ya Lyle, ila usiku ule wa baridi ni wa Verna, na ana haki ya kujua kwa nini ulimpata. Mwambie macho yake yaliona sawasawa. Akikuuliza tena umejuaje, safari hii mjibu.

Usidhani ataruka kwa furaha. Atafurahi nusu dakika, kisha atamlilia Lyle kuliko ninyi nyote, kwa sababu ni yeye peke yake kati yenu anayejua njia iliyoko mbele ya Lyle. Tena mpeleke kwa daktari hata hivyo, uketi naye kwenye benchi mpaka aitwe. Hofu aliyoilea tangu Agosti haitaondoka kwa neno lako tu. Kama bado anataka kwenda Nebraska baada ya hapo, aende kwa sababu anampenda binti yake.

Kuhusu Agosti: nendeni. Chagueni njia fupi, ambayo gari linaweza kuwafikia, kila mmoja na ramani yake mfukoni, na pandeni mkionana. Duane aambiwe pia, na aambiwe kwamba utani wake unatakiwa bado, isipokuwa ule wa ng'ombe. Lyle akitaka kuwa mbele, awe mbele, mtu akiwa ubavuni mwake.

Lyle hutamwokoa, ndugu yangu. Hilo lilie, una ruhusa. Lakini Verna mzima wa afya anafunga nyumba yake kwa kukosa neno ambalo liko mdomoni mwako.

Jibu hili nakutumia kwa posta kwanza, kabla ya kulichapa gazetini kama kawaida yangu. Mji wenu ni mdogo, na majina uliyoyabadili hayatamficha mtu. Sitakubali Lyle asomwe na majirani kabla hajaridhia, wala Verna apate habari hizi kutoka gazetini akinywa kahawa peke yake. Nakala ya gazeti nimeiweka kwenye droo. Haitachapwa mpaka uniandikie kwamba wote wawili wamejua, na wote wawili wamekubali.