Nililinda Shimo Lako, Mama

Mama,

Ni minye, Esperansi, binti yako mwalimu. Umeningoja sana, najua. Miaka mitano uko ndani ya lile shimo ambamo watu wa Nyakabere walikuwa wakichimba udongo wa matofali, na aliyekuzuia usizikwe si askari. Askari walikuua tu, weye na majirani, asubuhi moja mkitoka kwenye mpunga. Aliyekuzuia ni minye.

Unakumbuka usivyopenda kulala na watu wengi? Hata tulipokimbilia kanisani Uvira, ulitandika mkeka wako pembeni kabisa ukasema, "Minye siwezi kuhemewa usoni na muntu mwingine." Nikikumbuka nacheka, halafu nalia.

Wazungu wachunguzi wa mauaji walifika wiki ya pili, na magari yao meupe. Mdogo wangu Deo alikuwa ameshashika jembe. Wakazungushia shimo utepe, wakapiga picha, wakaniita pembeni kwa sababu najua Kifaransa. Musiguse, walisema: mkichimba wenyewe ushahidi unakufa, na komanda aliyewatuma askari anaponyoka. Wataalamu wa mifupa wako njiani. Wakanipa karatasi nitie sahihi kwamba mlinzi ni minye. Mama, nilijiona mtu mkubwa. Nikasimama mbele ya mwanao nikamkataza kumzika mama yake.

Basi nikalinda. Mbuzi walipokula ule utepe, nilipasua kitenge chako cha Pasaka nikafunga vipande kwenye miti. Ndiyo, kile cha bluu. Nichape ukitaka.

Kwenye redio tulisikia nchi kubwa zimelaani. Zikalaani tena. Zikawa na wasiwasi mkubwa. Wakaja wageni wengine, wakataka niwasimulie tangu mwanzo, maana maandishi ya wale wa kwanza yalibaki mji mwingine. Nikasimulia. Wakatikisa vichwa, wakala ndizi zetu, wakaenda. Komanda naye alipandishwa cheo. Siku hizi anavaa suti, anaitwa kwenye mazungumzo ya amani, na wanaomlaza hotelini ni wale wale waliomlaani. Nina hasira, Mama. Hasira hii hainitoki hata kwa sala.

Kwetu kilio hakijaisha. Bila kaburi hatuwezi kuganduka, kufunga msiba jinsi wazee walivyofanya, na Deo hawezi kuoa wakati msiba wa mama yake uko wazi. Mchumba wake alingoja, akachoka, akaolewa Bujumbura. Siku ile Deo aliniambia neno moja tu, kisha akahama, asiseme nami tena: "Dada, umemugeuza mama kuwa dosie ya ofisini."

Wiki iliyopita nilipanda pikipiki mpaka ofisi ya wale Wazungu, Uvira. Bwana mmoja mwenye adabu alinipa kiti na maji ya chupa. Akasema ruhusa ya serikali haikupatikana, wataalamu hawaji tena mwaka huu, labda mwingine, lakini wananishukuru sana kwa kulinda, niendelee tu. Subira huvuta heri, akaniambia, mzungu huyo, kwa Kiswahili safi. Sikumtukana. Ulinilea vizuri mno, ndiyo shida.

Nikaenda moja kwa moja Nyamianda, anakokaa Deo. Nilipiga magoti mlangoni kwake. Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi na majembe mawili, akakaa chini kuyakaza mipini.

Kesho asubuhi tunakuja kukutoa. Majirani nao watawatoa watu wao. Najua tunachoharibu. Huenda komanda atakufa mzee kitandani kwake, na watu watasema ni sisi tuliofuta alama. Waseme. Nisamehe, Mama, kwa kuwaamini watu ambao hawakukujua, nikaacha kumsikiliza ndugu yangu. Nakuahidi kaburi kando ya lile la nyanya, bibi yetu, pale kwenye muhogo, na jina lako lote juu ya msalaba.

Kwaheri, Mama. Wakirudi siku moja na vifaa vyao wakaniuliza ushahidi uko wapi, nitawaambia mama yangu amelala, wasimwamshe.