Nilivyoshindwa Kunyamaza Nyakanazi

Shikamoo mama, na umpe baba ya kwake.

Hapa Nyakanazi malori hayaachi kunguruma, nami situlii. Mwalimu wetu wa ukutubi ametuagiza tuwape watu tovuti ya maktaba tuliyoitengeneza, watafute kitabu, sisi tutazame tu bila kusaidia, tujue wanakwama wapi. Leo mama lishe mmoja, mkubwa kuliko wewe, alihangaika na simu yangu mpaka jasho likamtoka. Nilikalia mikono nisimwonyeshe. Mwishowe akafoka: "Mwanangu, unaniona nimepotea, halafu unanikodolea macho? Kwenu hakuna wakubwa?"

Nikamwonyesha. Jaribio likaharibika, ila alinipakulia ndizi na maharage bure. Kesho narudia jaribio kijijini Kirushya, na roho haitulii. Mama, kwa kazi hii ulinilea vizuri kupita kiasi.

Mwanao,
Adela