Mama Jilo Hasogei

Jumatatu, 3 Februari

Picha arubaini na nane leo. Nasogeza mguu wa udongo upana wa ukucha, natoa mkono, Barisa anabonyeza simu. Nasogeza tena. Natoa mkono. Kutwa nzima hivyo. Hizo ni sekunde nne tu za katuni. Mdoli wetu, Mama Jilo, ametoka mlangoni na hajafika hata uani. Alipokuwa hai, kwa umbali huo angekuwa ameshanigombeza mara mbili.

Mkono wangu umeonekana kwenye picha saba. Kadzo akazifuta. Nikamwambia aziache, watazamaji wajue Mungu yupo. Hakucheka.

Kadzo ndiye kiongozi wetu. Kundi ni watu watatu: yeye, Barisa wa simu, na mimi mwenye meno manne. Niliingia chuo hiki cha hapa Garsen kwa ukorofi tu. Tangazo lilisema kozi ya picha na video, kila mtu anakaribishwa. Mimi ni mtu. Na darasa la tano nilifika.

Lakini Kadzo hakuja kucheza. Mwaka jana kundi lake lilisambaratika katikati ya kazi, akaanguka. Katuni hii isipomfikia Mwalimu Ijumaa saa sita mchana, hana cheti, na kurudia mara ya tatu hakuna. Mwenye studio mmoja kule Malindi amemwekea nafasi ya kazi. Mwisho wa mwezi anampa mwingine. Naandika hapa kwa sababu mimi husahau mambo yasiyochekesha.

Jumanne, 4 Februari

Joto la kuua mende. Midoli inapasuka.

Ni minne. Jirani, mbuzi, mimi, na marehemu mke wangu, Mama Jilo. Hadithi ni yake: siku mto ulipoingia nyumbani kwetu Wenje, akatoka na mtungi kichwani badala ya godoro. Mwalimu alitaka vitu vya kuchanganya, basi tumemchanganyia. Mto ni leso ya buluu ya Kadzo. Nyumba zimechorwa kwa makaa kwenye mifuko ya simiti. Miti ni ukili, vipande vya majani ya mkindu yaliyosukwa. Mawingu ni ya kweli, Barisa aliyapiga picha darajani, tukayachapa kwenye karatasi.

Watatu aliwafinyanga Kadzo, kaweka waya ndani. Mdoli wangu una tumbo ambalo sikuliagiza. Mama Jilo nilimfinyanga mimi, kwa njia yake mwenyewe ya kufinyanga vyungu: udongo wa mto, na vigae vilivyotwangwa vikachanganywa ndani. Bila waya. Sijui ilikuwaje, sura ikaja. Hata ule mdomo wa kunishuku.

Tunawafunika kwa gunia la maji, na bado saa moja tu wana nyufa. Kadzo anaziba kwa mafuta ya kujipaka, zinafunguka pengine. Leo picha kumi na moja tu. Alikwenda kukaa nje peke yake, mgongo kwetu. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

Siwezi kutazama hivyo. Nina dawa. Sisemi.

Jumatano, 5 Februari

Nimeharibu.

Jana alasiri wenzangu walipoondoka niliibeba midoli yote mpaka nyuma ya stoo ya chuo. Nikachimba shimo. Nikaipanga, nikaizungushia mavi makavu ya ng'ombe na makuti, nikatia moto. Mavi nilimwomba Barisa mchana, kwao wana ng'ombe. Nilimdanganya ni ya mchicha. Nilifanya vilevile alivyofanya Mama Jilo maisha yake yote. Kwake chungu kikishakauka hakikai bila moto, kitakufa. Nilikuwa napiga mluzi. Hilo ndilo linaloniuma, ule mluzi.

Leo nimefukua majivu mbele yao kwa madaha, kama bwana harusi anayekata keki. Mbuzi, vipande. Jirani, vipande, waya umechomoza shingoni. Mimi nimekatika kiunoni, mikono imedondoka. Mama Jilo peke yake mzima. Mwekundu, mgumu, mtungi kichwani, miguu pamoja. Nikamgonga kwa ukucha akalia vizuri.

"Huyo!" nikasema.

Kadzo akamshika mkono, akaupinda. Haukupindika.

"Babu," akasema polepole, "sasa atatembeaje?"

Haki ya Mungu sikuwa nimelifikiria. Miaka arubaini nimekaa na mfinyanzi. Nilichojua ni kwamba kitu kikichomwa ndiyo kimekwisha, kiko tayari. Kumbe hapa walitaka kisiishe.

Barisa akaangalia lile shimo. "Miaka yote nyinyi wenye mashamba mnalia ng'ombe zetu zimewamalizia mahindi. Leo mavi yake tu yametumaliza sote." Siku nyingine ningemrudishia. Mimi na hawa Waorma wafugaji hatupitani bila kutupiana neno. Leo nilifukia shimo tu.

Kadzo hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikusanya vipande vya mbuzi akavitia kwenye mfuko wa nailoni, akafunga fundo. Vya nini?

Siku mbili.

Alhamisi, 6 Februari

Nimejaribu kumfinyanga upya tangu jua lilipochomoza. Wa kwanza alifanana na chifu. Wa pili alifanana na chifu akiwa na homa. Wa tatu sikumaliza. Sura ile ilikuja mara moja ikaondoka, kama mwenyewe.

Kadzo akasema tumtumie huyohuyo aliyechomwa, tumsukume asimame hivyo hivyo. Tukapiga picha ishirini na nne. Tukatazama. Mama Jilo anateleza uani bila kunyanyua mguu, kama jini aliyechelewa mahali. Barisa akafunga macho. Kadzo akazima kompyuta. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba atampigia simu mwenye studio amwambie asimngojee.

Nikamwomba asipige. Nikamwomba kama mtoto. Mzee wa miaka sabini na moja, mikono imejaa tope, namwomba binti wa watu anipe mpaka saa kumi. Sikuwa na kitu cha kufanya na hiyo saa kumi. Nilidanganya tena.

Nikaenda mtoni kunawa. Huko nikakaa. Nilijiona mjinga kuliko siku yoyote, na nimekuwa mjinga siku nyingi. Nimecheka na kila kitu maishani, sasa nimecheka na riziki ya mtu.

Mtumbwi ukapita, mama mmoja na ndizi zake, kasimama wima, mwanamume nyuma anasukuma kwa upondo, ule mti mrefu. Yule mama hakusogeza kidole. Akanipita, akaenda zake, kwenye kona akapotea.

Nilirudi nikikimbia. Kukimbia kwangu, yaani.

Mtumbwini mtu hatembei! Siku ile ya mafuriko, kufika mtoni, Mama Jilo hakutembea tena. Alisimama ndani ya mtumbwi na mtungi wake, mimi nasukuma, wala hakushika popote. Nikawaambia: sogezeni leso. Sogezeni ukili, nyumba, mawingu. Yeye muacheni.

Kadzo alipangusa tope langu mezani. Kisha akafungua kompyuta.

"Kutoka mlangoni mpaka mtoni tunakata," akasema. "Na nani anasukuma? Wewe umekatika kiuno."

Barisa ndiye aliyejibu. "Si kuna ule mkono wake unaoingia kila picha?"

Ijumaa, 7 Februari

Picha mia moja na nane zilihitajika. Jana tulipata thelathini na moja, mwanga ukatukimbia. Leo tumeanza alfajiri.

Mtumbwi ni karara, lile ganda kavu la maua ya mnazi. Mama Jilo tulimpaka jivu apoteze ule wekundu. Upondo ni kijiti cha mwanzi, na anayekishika ni mimi, mkono wangu wenyewe, mkubwa kuliko mtumbwi, umeingia kutoka pembeni. Kadzo anavuta leso upana wa ukucha. Natulia. Barisa anabonyeza. Mkono unatetemeka. Nikaomba radhi.

"Utetemeke tu, babu," Kadzo akasema. "Maji ni mengi."

Saa nne stima ikakatika. Betri ya kompyuta ilikuwa robo. Barisa alikuwa anamwaga jasho kwenye mawingu. Picha ya tisini niligonga mtumbwi, Mama Jilo akainama. Kadzo akamsimamisha kwa vidole viwili, akalinganisha na picha ya nyuma, akapumua.

Saa sita kasoro dakika tisa tulikuwa mbele ya Mwalimu. Betri asilimia nne. Alitazama akiwa amesimama. Akatazama tena akiwa amekaa.

Nilimwona Mama Jilo. Sekunde tisa. Nyumba zinampita, miti inampita, yeye wima na mtungi wake, na mkono wangu nyuma unahangaika. Hakugeuka. Hata siku ile hakugeuka.

Mwalimu akauliza kwa nini mtu mkuu hasogei. Nikafungua mdomo, Kadzo akanikanyaga mguu. "Ndivyo ilivyokuwa," akamwambia.

Kompyuta ikazimika.

Jumatatu, 10 Februari

Tumepita. Kwa shida, Mwalimu ameandika maneno mengi mekundu kuhusu mwanzo. Kadzo alisoma jina lake kwenye orodha mara mbili. Anaondoka kwenda Malindi wiki ijayo. Amenipa ule mfuko wa nailoni wenye vipande vya mbuzi. Nitavitwanga, vitafaa kwenye udongo.

Barisa ameniletea gunia la mavi. Ya mchicha, amesema, kama kweli upo.

Mama Jilo yuko kwangu, juu ya meza. Leo nilipoamka nililowesha gunia nikamfunika, kama tulivyofanya kila siku chuoni. Ndipo nikakumbuka hahitaji tena, hawezi kupasuka.

Nimemwacha amefunikwa.