Mshipa, Uji na Baba Mkwe

Jumatatu, 10 Juni

Uji tena. Ubavu tena. Kunywa uji umelala ubavu kunataka ufundi. Nusu unaingia mdomoni, nusu sikioni. Leo sikio limeshinda.

Kidonda kimefunga. Kipo kwenye tako la kulia, mahali ambapo siwezi kukiona mwenyewe, kwa hiyo Yohana ndiye mkaguzi. Mume wangu ni dereva wa lori. Ameinama na tochi ya simu kama anaangalia tairi. "Hakuna ufa," amesema. Asante, baba Neema.

Bado sitakiwi kukaa. Wala kuinama, wala kuchuchumaa, wala kubeba chochote kizito kuliko sahani. Naruhusiwa kusimama, kulala, na kutembea polepole hadi getini na kurudi.

Daktari wa Dar alinieleza nikaelewa. Ndani ya nyonga kuna mshipa wa fahamu uliokuwa umebanwa kati ya kano mbili, kama uzi ulionaswa chini ya sindano ya cherehani. Wamepasua, wameuachia. Kupona ni kazi ya mshipa wenyewe, na mshipa hauna haraka. Miaka yote hii nimeambiwa ni yutiai, ni kizazi, ni mawazo, ni mkono wa mtu. Nimemeza antibayotiki za kutosha ng'ombe. Fundi cherehani asiyeweza kukaa! Watu walicheka. Siku nyingine nilicheka nao. Siku nyingine nilijifungia chumbani nikang'ata mto.

Yohana anaondoka Alhamisi, ana mzigo wa Kongo. Dada yangu Edina anakuja kutoka Igamba kunitazama. Nafurahi. Edina anajua kupika.

Jumatano, 12 Juni

Edina haji. Ameteleza kwenye shamba la kahawa jana, kifundo kimevimba kama boga. Yuko kitandani kama mimi. Tumepigiana simu, tumecheka mpaka kidonda kimeniuma.

Kisha Yohana, bila kuniuliza, kampigia baba yake. Baba mkwe yuko njiani, anatoka Ileje.

Nimekasirika. Kweli kabisa. Mama mkwe angekuja ningeelewa, lakini presha yake haimruhusu safari. Baba mkwe! Wao ni Wandali wa zamani. Kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Nikimwona njiani napinda. Akiingia mlango wa mbele, natoka wa nyuma. Tangu nimeolewa sijawahi kumshika mkono, wala kula naye, wala kumwita jina. Sasa aje anihudumie, mimi nimelala na tako limeshonwa.

Yohana amesema siku hizi hayo yameisha. Nimemwambia amwambie baba yake, asiniambie mimi.

Alhamisi, 13 Juni

Amefika. Sijamwona. Nimeona kivuli chake tu kwenye pazia. Kirefu, na kofia. Amekuja na mkungu wa ndizi, gunia la maharage na jogoo ambaye amefungwa mguu na ana hasira kuliko mimi.

Yohana ameondoka asubuhi. Amepanga mambo: mzee atalala chumba cha uani, atapika barazani. Chakula kitawekwa kizingitini. Atakohoa, ataondoka, mimi nitatoka kuchukua. Kama tunafanya biashara ya magendo, hapa hapa mpakani.

Jumapili, 16 Juni

Mzee hajui kupika. Ugali wa leo ungeweza kuziba pancha. Lakini ndizi zake za maharage, ah, hapo namvulia kilemba. Nimemaliza bakuli, nimelamba kijiko.

Hajui pia kuongea taratibu. Amezoea kuita watu kutoka mlima huu hadi ule. Yohana alimwambia daktari anataka tumbo langu liwe laini, nisikamue, kwa hiyo nile mapapai. Mzee amelichukua kama agizo la serikali. Saa ile ile watu wanatoka kanisani, yeye barazani, mgongo kaupa mlango:

"MKWE! MAMBO YA TUMBO YAMETEMBEA?"

Nimejifunika shuka mpaka kichwani. Jirani yangu Mama Suzi amejibu kwa niaba yangu kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba bado, babu, aongeze papai. Mtaa mzima wa Chapwa sasa unafuatilia.

Jumatano, 19 Juni

Nimetembea hadi getini mara nyingi. Upepo mkali, vumbi la malori machoni, baridi ya Juni. Nimeipenda kila punje ya hilo vumbi.

Amekuja mteja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Bana Mutale, yaani Mama Mutale, na kitenge chake ambacho hakijakatwa tangu Pasaka. "Mulishani, mayo?" Nimemwambia naendelea vizuri, ila bado sikai. Amesema atasubiri, mafundi wa upande wao wanakata mikono mifupi mno. Natotela, asante, Bana Mutale. Umenitibu kuliko vidonge.

Mzee alimkaribisha vizuri, kwa Kiswahili cha sauti ya juu, ili aelewe.

Jumamosi, 22 Juni

Maumivu yamerudi.

Si ya kidonda. Yale yale. Moto kwenye kinena, sindano, kama nimekalia msumari na mimi nimelala. Mabaya kuliko kabla ya kupasuliwa. Sijala.

Jumatatu, 24 Juni

Bado. Nimemeza vidonge vya mishipa, vinanipa usingizi tu, maumivu hayalali. Nawaza jambo moja: haikufanya kazi. Dar yote ile, safari ile ya treni nimelala kitanda cha chini siku nzima na zaidi, kilio cha binti yetu Neema alipoagana nami kurudi bweni. Bure.

Yohana amekwama kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpaka wa Kongo. Nimemwambia niko salama. Nimedanganya. Angegeuza lori.

Mzee amegundua sahani zinarudi zimejaa. Amekohoa kizingitini muda mrefu leo.

Jumanne, 25 Juni

Niandike haraka kabla aibu haijanishinda.

Asubuhi nilitaka kuoga vizuri. Nilichoka kunuka dawa. Ndoo ilikuwa bafuni tayari, mzee huiweka hapo na maji ya moto kisha anakwenda mbali. Lakini aliiweka pembeni, karibu na mlango. Nikaona niisogeze kidogo tu. Kidogo tu! Nimeinama, nimeinua, umeme ukapita toka nyonga hadi unyayo. Mguu ukaniacha. Nikajikuta chini kwenye saruji, khanga moja, maji yamemwagika yote, siwezi kuinuka.

Nikamwita Mama Suzi. Kimya. Pengine yuko sokoni. Nikamwita tena. Simu iko chumbani.

Nikabaki na mtu mmoja wa kumwita. Nililala pale nikisikiliza jogoo wake. Baridi ikaanza kuniingia kwenye mifupa.

"Baba!"

Nyayo zimekuja mbio, zimesimama nje ya bati la mlango.

"Uko na nani humo?"

"Peke yangu. Nimeanguka. Siwezi kuinuka."

Nilimsikia anapumua. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Kisha akasema, na safari hii kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo:

"Jifunike, mwanangu. Naingia. Nafumba macho."

Kaingia kweli macho yamefumbwa, mikono mbele, blanketi begani. Kagonga kichwa kwenye bati. Kakanyaga sabuni. Kaelekea kwenye ukuta.

"Kushoto, baba."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako! Hapana, kwangu! Simama!"

Hapo nikaanza kucheka. Naumwa, nalia, nacheka, vyote pamoja. Naye akaanza. Mzee anacheka kama lori linalokataa kuwaka. Kanifunika blanketi, kaniinua kama debe la kahawa, kanibeba hadi kitandani nikimwelekeza njia kila hatua, maana alikataa kabisa kufumbua macho. Kaniweka ubavu wa kushoto, upande salama. Kumbe anaujua.

Akatoka.

Jumatano, 26 Juni

Nimempigia daktari wa Dar mwenyewe. Kaniuliza mengi: homa, haja ndogo, mguu unasikia? Homa sina, haja inatoka, mguu unasikia kila kitu, unasikia hata kupita kiasi. Akanituma kituo cha afya wakaniangalie kidonda na mguu. Mama Suzi kanipeleka, nimelala kiti cha nyuma cha gari la shemeji yake. Kidonda kizima. Hakuna kilichovunjika.

Daktari amesema mshipa uliobanwa miaka mingi, ukiachiwa, hupiga kelele kwanza. Maumivu huja na kuondoka kama mawimbi, miezi, pengine mwaka. Si kwamba operesheni imeshindwa. Hawezi kuniahidi pia kwamba imeshinda. Mapema mno. Ameongeza kidonge kimoja cha usiku. Na ndoo nisiiguse tena. Kaniambia hilo kwa ukali.

Mapema mno. Nimelishika neno hilo. Si "bure". Mapema.

Lakini mzee. Leo hajakohoa. Uji umeletwa na Mama Suzi. Anasema babu amekaa kwenye gogo uani tangu jana, begi lake liko miguuni. Anaona amevunja mwiko. Atarudi Ileje, atawaambia wazee. Nami nitabaki na aibu yake juu ya yangu. Naumia. Si nyonga safari hii.

Alhamisi, 27 Juni

Saa ya uji mlango umegongwa. Haijawahi kutokea. Nikasema karibu.

Mzee kaingia kinyumenyume. Mgongo kwangu, bakuli mkononi, kigoda kwapani. Kaweka bakuli mezani kwa kupapasa. Kaketi kigodani, uso ukutani, anatazama kalenda. Ni ya mwaka juzi.

"Nimempigia mama yenu," amesema. "Nimemweleza yote. Nilidhani atalia."

Nikavuta bakuli karibu.

"Ameniuliza, angeanguka binti uliyemzaa, ungemtafutia jirani? Akaniambia nisipoteze vocha. Nirudi ndani nikupe uji."

Nimecheka. Mabega yake yametikisika. Tumekunywa uji chumba kimoja, mimi nimelala, yeye anaangalia kalenda. Kwenye bakuli langu kaweka karanga. Kwenye lake hakuweka.

Jumapili, 7 Julai

Mzee anageuka. Wiki iliyopita alitazama kalenda. Kisha dirisha. Leo amekaa ubavu, namwona shavu na sikio. Ana sikio kubwa, kama la Yohana. Kama la Neema! Niliwalaumu watu wa kwetu bure.

Maumivu yanapanda, yanashuka. Jana mabaya, leo nimetembea hadi dukani kwa Mama Suzi nikanunua chumvi. Watu wamenipongeza kama nimetoka Makka na Roma kwa mkupuo.

Jumatatu, 15 Julai

Yohana karudi. Kamkuta baba yake ndani, kwenye kigoda, ananifundisha kumenya ndizi bila kunata mikono, macho wazi. Kasimama mlangoni mdomo wazi. Mzee kamwambia, "Funga mlango, baridi." Basi.

Baadaye nimemwambia Yohana kila kitu, hata uongo wangu. Kasema nisimfiche tena, kwamba lori linaweza kungoja. Nilisema sawa. Nadhani nilimaanisha.

Jumamosi, 20 Julai

Mzee ameondoka. Jogoo kabaki, amesema ni wangu. Nimemsindikiza hadi barabarani, kwa miguu yangu. Nilijiandaa kugeuza kichwa kama kawaida ya heshima. Kaninyooshea mkono. Mbele ya watu wote wa kituoni. Nikaupokea kwa mikono miwili.

Mkono mgumu, mkavu, una harufu ya kitunguu.

Nimerudi ndani nimelia kidogo. Machozi mazuri.

Jumapili, 4 Agosti

Daktari ameruhusu mambo ya mke na mume, taratibu. Yohana ameogopa kuliko mimi. Ameniuliza kila dakika kama naumia, mpaka nikaumia mbavu kwa kucheka. Tumeahirisha. Tumelala tumeshikana. Muda mrefu ulikuwa umepita.

Jumatano, 14 Agosti

Asubuhi nimekaa. Mto wenye tundu katikati, kiti cha mbao, mbele ya cherehani. Nimeshona mkono mmoja wa gauni, mrefu kama Bana Mutale anavyotaka. Nikasimama kabla mshipa haujalalamika. Wa pili kesho.

Mchana nimepika maharage. Jua limeingia hadi kwenye mkeka. Edina kapiga simu, anatembea na fimbo, anavuna upya. Neema kaandika kwamba anapenda fizikia, sijui katoa wapi.

Kabla ya kuandika nilitaka kuweka hapa saa ambayo iliuma leo, maana daktari hupenda kujua. Iliuma. Nadhani asubuhi. Au ilikuwa jana.

Yohana ameshapakua. Ananiita.