Niliapa Nimezifuta, Kumbe Zote Zimo Kapuni

Bi Kidawa, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa kila Jumapili, safu yako naisoma kabla sijagusa hata chai, na siku zote nlikuwa najiambia mimi haitatokea siku ya kukuandikia kwa sababu mambo yangu yamenyooka, lakini leo nshafika, mficha uchi hazai, basi nisikilize, na kama lazima unipige konzi kwanza nipige, bora mwisho wake uniambie la kufanya.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, za upande wa wanawake tu, nna duka dogo Mlandege, na wewe ni mtu wa hapa Unguja unajua mambo yalivyo, kule ukumbini watu wamevua mabuibui, nywele zimetengenezwa, magauni yamebana, mabibi wazima wenye wajukuu wanacheza ngoma ya kidumbak kama hawajawahi kuumwa magoti, na mlangoni kuna mtu anakusanya simu zote ili isitoke hata picha moja, kwa hivyo mwenye kamera anakuwa mmoja tu, na huyo mmoja ni mimi, na hawanipi kazi kwa uhodari, wako wanaopiga vizuri kunishinda, wananipa kwa sababu ya neno langu, kwamba nikishawakabidhi wenyewe video yao kwenye flashi nafuta kila kitu kwenye kompyuta, na naapa mbele ya bibi harusi na mama yake, wallahi nshafuta, na miaka mitatu nimeapa hivyo na nlikuwa nafuta kweli, Bi Kidawa, kwa mkono wangu huu.

Sasa hiyo kompyuta. Kabla ya miaka hiyo mitatu ilikuwa ya Windows, ikawa kila siku inaugua virusi vya flashi za wateja, ndugu yangu Amour akaifuta yote akanitilia Linux, akanambia dada hii haitakusumbua, na kweli haijanisumbua, lakini ile ya zamani ilikuwa na kikapu cha taka palepale kwenye kioo, ukifuta kitu unakiona kikapu kimejaa, unakimwaga, yamekwisha, na hii mpya kioo chake kitupu, hakuna kikapu wala nini, nikifuta kitu kinaondoka sikioni tena, nkasema alhamdulillahi, hawa watu wa Linux wametupunguzia kazi, kwao ukifuta kimefutika. Hakuna aliyenambia kwamba kapu lipo, limewekwa kwa ndani, pembeni mwa orodha ya mafaili, na mimi sikuuliza.

Mwaka juzi nlipiga harusi ya msichana mmoja, nimwite Shemsa, si jina lake, na mama yake nimwite Bi Saadiya. Huyu mama alikuwa mtu wa kujisitiri mpaka basi, hata picha ya kitambulisho alikwenda kupigwa kwa kusukumwa na watu wawili, lakini siku ile mwanawe wa pekee anaolewa, furaha ilimshinda, akavua mtandio akaingia kati akacheza, akaimba na yeye, ukumbi mzima ukasimama kumtazama, na alipomaliza akanijia jasho linamtoka, akanambia, "Mwanangu, wape wenyewe, kisha futa, nisije nikacheza kwenye simu za watu." Nkaapa. Nkawapa flashi yao, nkafuta.

Bi Saadiya amefariki mwaka huu, Mungu amrehemu. Baada ya arubaini Shemsa alikuja dukani, kaitoa ile flashi alikoiweka na flashi imekufa, haisomeki popote, na picha ya mama yake hana nyengine ila ile ya kitambulisho, na humo mama kakunja uso. Akaniuliza, "Dada, huna hata kipande? Hata sauti tu?" Nkamwambia sina, nlifuta siku ileile kama nlivyoapa, na nlikuwa nasema kweli kwa nnavyojua. Akalia, kisha akanambia Mungu akulipe, umeitunza amana ya mama. Na hakuishia hapo, akenda akanisifia kwa watu, kwamba yule wa Mlandege hata umlilie machozi hana kitu cha kukupa, anafuta kweli. Kwa sifa hiyo nimepata harusi tatu.

Nlikuwa naingiza video ya hiyo ya tatu, wiki mbili zilizopita, kompyuta ikanambia nafasi imekwisha. Nkashangaa, imekwisha vipi na mimi kila kitu nafuta, nkampigia Amour, akanambia hebu mwaga kapu la taka. Nkamuuliza kapu gani. Akanambia fungua mafaili, tazama upande wa kushoto. Nkabonyeza. Bi Kidawa, harusi zote zimo. Za miaka mitatu. Kila nliyemuapia nimemfuta yumo ndani anacheza, na Bi Saadiya yumo, mzima na sauti yake. Nimemtazama kidogo tu.

Tangu siku hiyo sina raha. Nikimpa Shemsa atajua kwamba sikufuta, na akijua yeye Mlandege yote itajua kabla ya alasiri, na kazi yangu ni neno langu, sina jengine. Nisipompa nimemnyima mama yake na huku nimemkalia hapa kwenye meza yangu. Amour anasema hakuna tabu, mwambie umeirejesha kwa utaalamu, umetafuta programu ya kufufua mafaili ukahangaika siku tatu, atakushukuru mpaka kiama. Yeye mwenyewe anaapa hajawahi kulifungua hilo kapu, na namuamini ndugu yangu, lakini kompyuta kaitengeneza mara mbili na kapu lilikuwamo, na yeye ni mwanamme. Kila asubuhi nafungua, naweka kidole penye kumwaga, nakiondoa. Nifanye nini, Bi Kidawa?

Mimi mwenye kapu, Mlandege.

*

Bi Kidawa anajibu:

Mwenye Kapu, marahaba. Konzi uliliomba mwenyewe, basi lipokee tulimalize.

Umeficha jina lako na majina ya wenzako, ukajiona mjanja, kisha kwenye barua hiyohiyo ukanitajia mtaa wa bibi harusi, jina la ukumbi, rangi ya gauni la marehemu na kazi ya bwana harusi. Unguja hii? Ungeongeza na namba ya simu. Mistari sita nimeiondoa kabla ya barua kwenda gazetini, nikaifuta kwenye kompyuta yangu, kisha nikalitafuta kapu la humo nikalimwage, maana umenitia hofu. Nimekuta humo barua za wasomaji tangu mwaka wa kwanza wa safu hii. Kwa hivyo tuko wawili, ila mimi sikuapa.

Na hofu yangu ina sababu nyengine. Nimealikwa harusi nyingi miaka mitatu hii, na mpiga video alikuwa mwanamke. Kama ni wewe, kuna harusi moja ya mtaa wa Amani ina mtu mzima wa gauni la zambarau aliyeambiwa na daktari apumzishe mgongo. Huyo usimfungue. Ukianza kufuta, anza naye.

Haya, tuseme kweli. Siku ulipoapa hukukusudia uongo, ulidhani umefuta, na nakuonea huruma kwa hilo. Mambo ya kiapo na kafara yake siyatolei hukumu mimi, nenda kwa mwanachuoni unayemuamini umueleze, na umueleze yote. Lakini wiki mbili hizi ni jambo jengine, bibi. Ulipoliona kapu ulijua. Kutojua kuliisha pale, na tangu hapo kila siku wake za watu wanalala humo kwa ridhaa yako. Halafu unaniandikia "nimemtazama kidogo tu." Mara ngapi hicho kidogo? Hukutaja, na wewe ni mtu wa kutaja kila kitu. Acha, tangu leo.

Shauri la Amour litupe, na hilo ulitupe moja kwa moja, lisipite kapuni. Ndugu yako ana akili ya mashine, ya watu hana. Ukimwambia Shemsa kwamba video iliyofutwa umeifufua kwa utaalamu, atafurahi, na kwa furaha atakutangaza. Kesho yake kila mwanamke wa mji huu atajua kwamba kwako wewe kitu kikifutwa kinarudi ukitaka. Nani atavua buibui mbele ya kamera yako? Uongo huo utakula kazi yako kuliko ukweli unaouogopa. Njia ya mwongo fupi, na hii yako haifiki hata hapo sokoni Darajani.

Sasa nisikilize. Bi Saadiya alikuachia wasia, na umeuandika mwenyewe bila ya kuusoma. Alisema wape wenyewe, kisha futa. Kuwapa kunatangulia. Mwenyewe leo ni Shemsa, na mkononi hana kitu. Basi hujavunja neno la marehemu ukimpa mwanawe, bado uko katikati ya kulitimiza.

Nimemuuliza Bi Riyama, anayesomesha kompyuta na hana subira na watu kama mimi na wewe, akanipa maelezo haya. Nunua flashi mbili mpya, si moja, umeona moja ilivyofanya. Fungua kapu, shika video ya Bi Saadiya peke yake, bonyeza kulia uchague kuirejesha, itarudi ilikokuwa. Inakili kwenye flashi zote mbili, hakikisha inafunguka, na ukisikia ngoma imeanza funga, umeshahakikisha. Zilizobaki zote mwaga leo hii. Utaulizwa mara moja kama una hakika, ujibu ndiyo, na usikae kuzitazama majina. Kuanzia hapo, kitu cha amana kifute kwa kubonyeza Shift na Delete pamoja, hakipiti kapuni. Na ujue kwamba flashi na diski za nje kila moja ina kapu lake lililofichwa, ukifuta kitu humo ukachomoa bila ya kumwaga, umempa mtu taka zake mkononi.

Usidhani umemaliza. Kapu likishamwagwa, fundi mwenye nia mbaya bado anaweza kuichokora diski akapata vipande. Kwa hivyo kompyuta hiyo usiiuze, usiiazime, na fundi asiende nayo kwake. Ukisharudi kutoka kwa Shemsa, Amour akutilie kila kitu upya, diski ifungwe kwa neno la siri, na wakati wa kuliandika hilo neno yeye atoke nje. Namuamini na mimi. Atoke tu.

Lakini kabla ya Amour kuigusa, nenda kwa Shemsa. Usimwite dukani, usimtumie ujumbe, nenda kwake ukiwa peke yako na kompyuta yako kwapani. Mwambie hivi, na usiongeze hata neno la kujipamba: "Nlikwambia nimefuta. Nlidhani hivyo, nlikuwa sijui kazi yangu. Video ya mama ilikuwamo, nimeigundua wiki mbili zilizopita, na kwa woga nikachelewa kuja. Hizi hapa mbili, na hii iliyobaki kwenye kompyuta ifute wewe mwenyewe nikiona." Mwelekeze kidole pa kubonyeza. Hizo wiki mbili usiziruke, najua utataka kuziruka.

Atakasirika? Pengine. Atasema kwa watu? Ana haki yake. Zile harusi tatu ulizopata kwa sifa ya kufuta, wenyewe waendee kabla hawajasikia kwengine, uwaambie, anayetaka kukuacha akuache. Wale wa zamani wakikuuliza, usiwafiche. Na duka likipoa miezi miwili, vumilia, ndiyo gharama ya kuapia kitu ambacho hukukiangalia.

Kuanzia sasa usimuapie mtu tena. Kiapo kimekushinda, si lawama, kimewashinda wengi. Siku ya kukabidhi flashi, mwambie bibi harusi alete mtu wake, shangazi, somo wake aliyemfunda, yeyote mwenye macho na ulimi, akae karibu nawe, aone unafuta, aone kapu tupu, akitaka abonyeze mwenyewe mpaka aridhike. Ukifanya hivyo mara tano tu, shangazi watano watakusemea mji mzima, na mashangazi wa Unguja huwashindi kwa tangazo lolote.

Lakini nenda kwa Shemsa kwanza, leo, kabla ya shangazi yeyote. Akishazipokea flashi atakukaribisha ndani, na hata kama amekasirika atakwambia kaa dada, tutazame pamoja, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mshukuru, vaa viatu vyako, uondoke. Ana mazungumzo na mama yake.